Usukani Umehamia Upande wa Mama Yako

Matiri, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Skolastika,

Kabla hujaanza kunisahihisha herufi, ujue kwanza unaandikiwa na nani. Unaandikiwa na mtu wa kwanza katika milima yetu hii kuteremsha gari la mbio kutoka Mbinga mpaka ziwani, enzi zile barabara ni vumbi na mawe, kona inaingia kwenye kona nyingine, bila kupunguza mwendo hata mahali pamoja. Pale Mbamba Bay watu waliacha nyavu zao wakasimama kunipigia makofi.

Haya, huo ni uongo. Gari liliteremka kweli, na mwendo haukupunguzwa kweli, lakini aliyeshika usukani alikuwa mama yako. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni nimefumba macho, nasali sala za Kilatini nisizozijua. Na aliyepiga makofi alikuwa mtu mmoja tu, na nadhani alikuwa anaua mbu. Uongo huo nimeupeleka kilabuni miaka mingi, mpaka kuna vijana wanaoapa kwamba walikuwepo siku hiyo na waliniona. Mama yako alikuwa ananisikia, anacheka, ananiachia. Leo nimeona nimrudishie usukani wake, maana barua hii yote ni habari ya usukani.

Mambo ya kula, kuvaa na kujihadhari na watu wa Dar es Salaam, shangazi yako wa Mpepai amekwisha kukuimbia leo mchana, na nina hakika ulipomaliza chai aliuanza wimbo upya. Mimi siongezi ubeti. Kama mpaka umri huu hujui kufua soksi, barua haitakusaidia.

Naandika kwa sababu ya lile ulilosema jikoni kuhusu gari letu, ukiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Ulisema, “Baba, usipokaa ndani ya Pilipili ukaujaribu usukani nilioufunga, ukaniambia kwa mdomo wako niende nalo, mimi silichukui. Nitampigia yule bwana wa Dar nimwambie nimeghairi.”

Nikakujibu, “Mpigie, na usisahau kunisalimia kwake.”

Ukanitazama, ukanawa mikono, ukatoka. Huo ndio mdomo wangu, mwanangu. Ukifunguka unatoka utani, hata pale ninapotaka kulia. Ninajua vizuri kilichopo hapa. Yule bwana mwenye gereji ya magari ya kale alikuona kwenye picha za simu, akasema njoo na hiyo kazi yako, nikiiendesha nikaipenda nafasi ni yako. Hataki cheti, anataka Pilipili. Bila neno langu hulichukui gari, bila gari huna kazi, na utabaki hapa Matiri kufunga bolti za mashine za kumenyea kahawa mpaka uote mvi kama mimi. Na kunitazama mimi, jambo ambalo si kazi ya mtu mwenye akili.

Umedhani nakataa kwa sababu sipendi vitu vipya. Watu wote wamedhani hivyo na nimewaacha wadhani, ni rahisi kubeba.

Habari ya gari unaijua, lakini uliipata kwangu, yaani uliipata imepinda. Ilikuwa hivi. Kulikuwa na Bradha mmoja Mzungu kule misheni, ndiye aliyenifundisha useremala baada ya shule kunishinda darasa la nne. Bradha huyo alikuwa ameweka nadhiri ya kutomiliki kitu. Basi mpwa wake huko kwao akamtumia zawadi: gari jekundu, viti viwili, paa la turubai, limelala chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na kuku macho kwa macho. Padri mkubwa akasema kitu hicho kiondoke. Bradha akalifunika kwa magunia ya kahawa, na kila Padri mkubwa akisafiri, magunia yale yanafufuka, yanatoka nje yakinguruma. Watu ndio waliolibatiza Pilipili. Bradha alipozeeka wakamrudisha kwao, na funguo akamwachia mama yako. Hakuniachia mimi. Alisema mimi nina mikono ya kuchonga na Otilia ana mikono ya kuendesha. Nilinuna mpaka Kwaresima.

Usukani wake ulikuwa upande wa kushoto, kama magari ya huko lilikotoka. Na tangu tulipolipokea ulikuwa na mchezo: unauzungusha kiasi cha kiganja kizima kabla magurudumu hayajasikia unasema nini. Mimi niliushika kwa nguvu, nikiukaza, na Pilipili likanipeleka moja kwa moja kwenye mahindi ya watu.

“Unaushika kama mpini wa jembe!” mama yako alinipigia kelele, amejishika mbavu. “Nyinyi Wamatengo mkiona kitu chochote mnataka kukichimbia yale mashimo yenu ya ngolo. Legeza mikono!”

“Na nyinyi Wanyasa mnadhani dunia nzima ni maji.”

“Nani kaingia kwenye mahindi ya watu? Mimi au wewe? Sogea huko.”

Nikasogea. Unajua alikozaliwa, Mbaha, pale mtoto anashika kasia kabla hajashika kijiko. Alikaa, akalegeza vidole, akaanza kuurudisha ule usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, bila kuchoka, kama anavyofanya mtu kwenye mtumbwi wa kuchonga, maana mtumbwi ule haukai kwenye mstari hata siku moja. Na Pilipili likatulia. Kwake yeye mchezo ule haukuwa ubovu. Alidhani vyombo vyote viko hivyo, na mimi nikamwamini, kwa sababu nilikuwa nampenda na kwa sababu sikujua zaidi.

Hapo ndipo tulipokosea, na nadhani ni kosa ambalo wangeweza kulifanya watu wawili tu duniani, Mnyasa wa kasia na Mmatengo wa jembe waliooana. Ile bushi inayoshika mkono wa usukani usicheze ilipokwisha, fundi mwingine yeyote angetafuta mpya. Mimi nikachonga ya mti, mti ule ule wa mipini ya majembe, nikaichemsha kwenye oili chafu, nikaipachika kwa nyundo. Ilipolika nikachonga nyingine. Mama yako akawa anaendesha, mimi nachonga, na tukaona hatuhitaji kitu.

Alipoanza kuugua wewe ulikuwa shule ya bweni, tulikuficha. Nilimpeleka hospitali Mbinga, nikaambiwa nimrudishe nyumbani apumzike. Tangu aanze kuugua usukani niliushika mimi, naye kiti cha kulia kikawa chake; siku ile alikaa hapo, amejifunika kitenge mpaka kidevuni. Nilikuwa naendesha ovyo, napanda kingo, natumbukia mashimoni, na nilikuwa nasubiri anicheke. Hakunicheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Tulipofika njia panda, ile ambayo barabara moja inashuka ziwani na nyingine inarudi kwetu huku, alitoa mkono wa kushoto ndani ya kitenge, akaushika usukani, akauvuta upande wa ziwani. Nguvu zilikuwa zimemwisha. Aliuvuta ndani ya ule mchezo tu, kiganja kimoja, magurudumu hayakusikia kitu.

“Nipeleke kwetu nikaone maji,” akasema.

“Bushi imekwisha, mama Skola. Kona za kule zitatumaliza. Ngoja tuvune kahawa, nichonge mpya, nitakupeleka.”

“Bushi ilikuwa nzima lini?”

Nilicheka. Nilidhani ni utani wetu ule ule. Nikakata kuja nyumbani, naye akautoa mkono wake, akauweka mapajani, akasema, “Haya.”

Kahawa ilikuwa bado iko mitini wajomba zako walipokuja kumchukua, maana aliwaambia wao mahali pa kumlaza. Wazee wa huku walipiga kelele, mke anazikwa kwa mume, mimi nikasema mpelekeni. Ulikuwa nyuma kwenye lori, karibu na jeneza, umevaa sare ya shule. Kule Mbaha uliniuliza mbona sikupanda mpaka makaburini, mbona nilibaki chini barabarani na madereva. Nikakwambia miguu inaniuma. Miguu ilikuwa mizima. Na tangu siku ile sijakanyaga huko, hilo unalijua, umeninunia kwa ajili yake zaidi ya Krismasi moja.

Sasa sikiliza lile usilolijua. Baada ya mazishi, nikawa nikipita njia panda ile kutoka mjini, usukani unavuta. Upande wa ziwani. Kiganja kimoja. Mara ya kwanza nilisimamisha gari nikalala chini kutazama, sikuona kitu kipya. Mara ya pili nilisema kwa sauti, “Nakusikia.” Mara zilizofuata sikusema neno, nilikaza mikono nikaja nyumbani. Nikawa natunga safari za Mbinga zisizo na shida yoyote, kwenda kununua msumari, kwenda kuuliza bei ya kitu nisichokitaka, ili tu wakati wa kurudi nivutwe. Unaelewa wazimu huo? Nilikuwa naenda kuvutwa, na kila nikivutwa nakataa. Nimeishi hivyo wewe ukiwa unasoma, unamaliza, unaenda chuo cha ufundi Songea, unarudi na spana zako.

Na asubuhi nyingine nilikuwa nikifunua turubai nakuta kiti cha kulia kimebonyea na kina joto. Najua ni paka. Nimewahi kumkuta paka. Lakini kuna asubuhi ambazo paka alikuwa amelala miguuni mwangu.

Basi ukaja wewe. Ukasema stelingi hii itaua mtu. Ukaifungua yote, boksi, mikono, na zile bushi zangu, ukazirundika uani kama mifupa baada ya sherehe. Ukazunguka gereji za Songea kutafuta stelingi ya upande wa kushoto, hakuna, nchi yetu yote usukani uko kulia. Ukarudi na ya kigari kidogo cha Kijapani kilichogongwa, ule mfupa mrefu wenye meno, na tairodi mpya kabisa, vile vyuma vya kuvuta magurudumu, na mota ya umeme ya kusaidia kukunja, ukasema tutauhamisha usukani. Ulipokwangua rangi mbele ya kiti cha kulia ukakuta kizibo cha bati, na nyuma yake tundu tayari.

“Baba! Njoo uone! Waliolitengeneza waliacha nafasi ya pande zote mbili! Walijua litakuja huku!”

Nilikuja. Niliona tundu liko wazi mbele ya kiti cha mama yako, nikasema mbuzi wanaita, nikaondoka. Hatuna mbuzi.

Na siku ya pili yake ukaniwekea kiganjani bushi yangu ya mwisho. Ilikuwa imelika upande mmoja, nyembamba kama ganda la karanga. Ukasema, kwa upole, maana wewe ni mpole ukiwa kazini, “Hii ndiyo iliyokuwa inavuta, Baba. Pale njia panda barabara imeinamia upande wa ziwani, na bushi imelika hivi. Lazima gari livute. Si kitu kingine.”

Hukujua unasema nini. Ulikuwa fundi anayemweleza mteja wake, na ulikuwa sahihi, na kazi yako ilikuwa safi. Mimi nilisikia unamzika mama yako mara ya pili, na mara hiyo pia nikabaki barabarani. Ndiyo maana sikukaa ndani ya Pilipili. Ndiyo maana nikawa natoa visingizio, mara mgongo, mara macho, mara mzee wa kanisa ananiita. Mzee wa kanisa hajaniita tangu nilipomwambia kwaya yake inaimba kama trekta.

Leo ulipopanda bodaboda kwenda Mpepai kumuaga shangazi yako, niliiba gari lako.

Ndiyo. Jioni ulipoegemea boneti ukauliza mbona ina joto, nikasema ni jua. Jua lenyewe lilikuwa limekwisha kuzama, mwanangu, na wewe ukanyamaza. Umeanza kuwa na adabu, utapata shida mjini.

Kukaa kile kiti siwezi kukueleza vizuri. Kimeshika umbo lake. Niliona kama nimemkalia mtu, nikaomba radhi kwa sauti, halafu nikatazama kama jirani amesikia. Nikawasha. Usukani wako unakunjwa kwa kidole kimoja, kama unavyomtoa nzi kwenye uji. Na hauna mchezo, hata wa unywele. Nikigusa tu, magurudumu yamekwisha kutii. Lilinitia hofu jambo hilo. Ni kama kuzungumza na mtu anayekujibu kabla hujamaliza kusema.

Nilikwenda mpaka mjini, nikageuza, nikarudi njia panda kama siku ile. Nikapunguza mwendo. Nikalegeza vidole. Hakuna kitu. Nikaachia mikono kabisa. Pilipili likanyooka kuelekea huku kwetu, limenyooka kama rula. Nikamwita. “Otilia.” Nikasikia ile mota yako ya umeme inaunguruma kidogo, basi. Miaka yote niliyovutwa nilikuwa natamani aniache. Leo hakunivuta, nikasimama katikati ya barabara nikimngoja.

Nyuma yangu kijana wa bodaboda akapiga honi.

“Shikamoo, mzee! Unaenda au umefika?”

“Marahaba. Sijui.”

“Basi usijue ukiwa pembeni, mzee wangu. Sisi tuna abiria.”

Nikakata. Nikakata upande wa ziwani. Jioni nzima nimekuwa najiuliza nani alikata, maana usukani haukuvuta, na wewe mwenyewe umesema hauwezi kuvuta. Nilikuwa nimekwisha kuziacha nyumba za mwisho nyuma ndipo nilipogundua ninakokwenda.

Siku hizi ni lami mpaka chini, inateleza kama ulimi. Nilipoanza kuteremka zile kona, nikaona gari linayumba. Kidogo kushoto, kidogo kulia. Nikasema kwa hasira, binti yangu ameacha nati, atakwenda kuwaua watu Dar. Nikatazama mikono yangu. Mwanangu, mikono ilikuwa inapiga kasia. Mikono hii, iliyoushika usukani kama jembe tangu niote ndevu, ilikuwa inaurudisha, inaurudisha, vidole vimelegea, kwenye gari ambalo halina tena kitu cha kurudishwa. Nikaikaza. Ikatii kona moja. Kona iliyofuata ikaanza tena. Sikumwona mtu. Sikusikia sauti wala harufu, usije ukamwambia shangazi yako akaniitia watu wa maombi. Ilikuwa mikono tu. Nikaiacha ifanye inavyotaka, tukashuka hivyo, tukiyumba kama walevi kwenye usukani mzuri kuliko wote wilayani, mpaka maji yakatokea chini, mapana, meupe kwa jua.

Mbamba Bay nilimkuta mjomba wako Lazaro anaanua dagaa. Aliponiona natoka ndani ya kile kigari kwa kutambaa, akatupa ungo.

“Jamani, Mmatengo ameteremka! Leteni kamba tumfunge kabla hajapanda tena!”

“Shemeji, nimekuja kuangalia kama ziwa bado lipo.”

“Lipo. Na dada yangu yupo. Huku hatujahamisha kitu.” Akanishika mkono, hakuuachia. “Twende basi. Nakusindikiza mpaka Mbaha. Sasa hivi.”

Niliitazama njia ya kwenda huko, mawe yametoa vichwa. Nikalitazama tumbo la Pilipili lilivyo karibu na ardhi. Nikafikiria tairodi zako mpya.

“Litavunjika, shemeji. Mtoto ameshalifunga, kesho anasafiri nalo.”

“Kwa hiyo ni gari tena,” akasema Lazaro.

Unamjua mjomba wako, hana sentensi isiyo na kicheko mwishoni. Hiyo haikuwa nacho. Aliniachia mkono akarudi kwenye dagaa wake. Mimi nikakaa kwenye jiwe, nikayatazama yale maji ambayo mtu aliniomba akayaone, na nikaona jambo ambalo hata mtoto wa chekechea angeliona mapema. Bushi haikumzuia mama yako. Mimi ndiye niliyeogopa kumpeleka, kwa sababu niliona kwamba akifika kwao hatarudi, na nilitaka afe kwangu au asife kabisa. Gari lilinipa neno la kusema. Na leo, na stelingi mpya, na lami mpya, bado lilinipa neno la kusema.

Kwa hiyo naliandika hapa, kwa kuwa mdomo utaliharibu: nimekaa, nimejaribu, nenda nalo. Kazi yako ni nzuri mpaka inanitisha. Yule bwana akikaa kwenye kiti kile atakunyang'anya funguo, usimpe. Na usiniachie Pilipili kwa huruma, wala usiseme utalileta likizo ili mzee azungukezunguke. Likiwa hapa uani nitapata sababu nyingine. Nitakwambia ni plagi.

Huko gerejini usiwasimulie habari za mikono, wasimulie habari za tairodi. Ila wewe, kama siku moja kwenye kona fulani utaona vidole vyako vinafanya jambo ambalo hukuvifundisha, usikimbilie kufungua boneti. Na mtu aliyekaa pembeni yako akikuomba umfikishe mahali, mfikishe na gari lilivyo. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema hilo, na sina haki ya kulisema kwa sauti kubwa.

Najua unawaza nitabaki na nani. Nitabaki na paka, na uongo wangu, ambao sasa umepungua mmoja, nitatunga mwingine. Ulipokuwa unazaliwa mama yako alinifukuza nyumbani kwa sababu nilikuwa namchekesha wakati wa uchungu. Hizo ndizo sifa zangu kama baba. Hukupewa mtu wa maana, lakini hukuchoshwa.

Jambo la mwisho ni dogo, na si ombi, ni haki yangu. Pasaka tulicheza drafti, ukashindwa, na wewe mwenyewe ulisema atakayeshindwa atamkata mwenzake kucha za miguu. Ulinikata mguu wa kulia, ukapigiwa simu ya spea, ukakimbia, hukurudi. Mguu wa kushoto mpaka leo unatembea kama kuku. Mgongo wangu haufiki huko tena, na aliyekuwa ananikata unajua aliko. Kabla sijaondoka kule ziwani nilimrudia Lazaro, tukakubaliana kwamba Ijumaa napanda gari la abiria mpaka Mbamba Bay, tunachukua boti mpaka Mbaha, na kutoka ufukweni kupanda makaburini ni mawe matupu. Kandambili hazitafika, na kiatu cha kufunika hakiingii kwenye mguu huo.

Kesho, kabla hujawasha gari, njoo ukae kwenye kigoda mbele yangu. Leta mkasi, usije na plaizi. Maji ya moto nitakuwa nimeyaweka kwenye beseni.

Baba yako,
Fidelis